Yah: Shikamoo Mwalimu
(Kichwa cha habari kutoka barua ya mkono hadi barua pepe)

Wahakiki wetu huitazama barua pale tu inapoingia ndani ya riwaya, kama ile riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979 ambayo yote ni barua. Barua yenyewe ya kawaida, ya kuomba kazi au kumjulisha mjomba kwamba ng'ombe amekufa, hawaigusi. Mimi naichukulia barua hiyo kuwa kazi yenye fani na maudhui, na nauliza swali moja tu: jambo lenyewe hutajwa wapi? Kwa maoni yangu mahali linapotajwa hutuonyesha nani anamsubiri nani.

Katika barua za Kiswahili za hati ya Kiarabu, kama zile alizochapisha Mjerumani C. G. Büttner mwaka 1892, mwandishi hakimbilii jambo. Kwanza humtaja mpokeaji kwa heshima zake, humsalimu, huarifu habari za uzima, ndipo hufika kwenye "baada ya salamu". Msomaji ndiye mwenye subira.

Desturi hiyo ilifika mbali na pwani. Kwetu Misigiri, pale njia panda ambapo barabara ya Singida hadi Nzega inaachana na ile ya Kiomboi, bibi yangu ametunza barua za miaka ya themanini katika sanduku la bati. Nyingi zililetwa kwa mkono na abiria wa basi. Karibu zote zinaanza hivi: "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako." Hebu msomaji alitazame neno hilo "dhumuni". Dhumuni linalotangazwa ni salamu! Dhumuni la kweli, yaani naomba nauli au mtoto amefukuzwa kwa sababu ya ada, limebanwa chini kabisa, mara nyingine baada ya sahihi, chini ya herufi N.B. Wala si unafiki. Anayeomba anamwambia mwenzake kwamba wewe ni mtu kwanza, mfuko wako baadaye.

Ofisi iligeuza mambo. Shuleni tulifundishwa anwani mbili, tarehe, "Ndugu", kisha katikati ya ukurasa, kwa herufi kubwa na mstari chini yake: YAH: KUOMBA KAZI. "Yah" ni ufupisho wa "yahusu"; wenzetu wa Kenya huandika "Kuh" au "Mint", yaani mintarafu. Hapa karani ndiye mwenye haraka. Ana mafaili, na anataka kujua barua iende faili gani. Hata hivyo, fani hiyo ilibakiza kitu: "Ndugu" bado ilitangulia "Yah". Mtu alitajwa kwanza, ingawa kwa neno moja.

Barua pepe ikaliondoa hata hilo. Mwaka 1973 wahandisi wa mtandao wa ARPANET, Marekani, walipendekeza kila ujumbe uwe na vichwa vya aina moja: nani ametuma, tarehe, na unahusu nini. Tangu hapo jambo limekaa nje ya barua, mlangoni, na msomaji huamua kufungua au kutofungua kabla hajasalimiwa.

Sasa tazama watu wetu wanavyokijaza kisanduku hicho. Wenzangu wamenionyesha barua pepe walizowaandikia walimu, na nimeona mwendo fulani. Mwaka wa kwanza kisanduku huwa kitupu, au kina "Shikamoo mwalimu", au barua yote imesukumiwa humo bila kubakiza kitu ndani. Mwaka wa pili "Yah" ya shuleni inafufuka: YAH: KUOMBA KUONGEZEWA MUDA, herufi kubwa tupu, kama tangazo la mnada. Mwaka wa tatu ni namba ya kozi na neno "rasimu", basi. Wapo pia wanaoandika "RE:" katika barua mpya kabisa. Neno hilo ni la Kilatini, lenye maana ya jambo, na ofisini lilikuwa sahihi. Lakini programu za barua pepe huliweka mbele ya jibu, hivyo mpokeaji huanza kutafuta barua ambayo hajawahi kuandika.

Wahadhiri husema "Shikamoo" katika kisanduku hicho ni ujinga wa kompyuta. Sikubaliani nao. Ni fani ya kale inayodai nafasi yake: mwandishi amepewa mlango tu, naye mlangoni watu hubisha hodi. Ila gharama yake ipo. Binamu yangu alituma maombi ya kazi kwa ofisi moja, vyeti vyote ameambatisha, kichwa cha habari: "Habari za kazi". Hakujibiwa mpaka leo. Siwezi kuapa kwamba hawakufungua, lakini katika rundo la barua mia, yenye kichwa kama hicho nani angeifungua mapema? Kijana anayetoka nyumba ambayo hakuna aliyewahi kukaa ofisini ndiye anayelipa, maana adabu aliyofunzwa ndiyo inayomficha.

Kuna jambo moja zaidi, la kuchekesha kidogo. Ukijibu barua pepe, kichwa hakibadiliki isipokuwa ukibadilishe mwenyewe. Rafiki yangu mmoja aliandikiana na msimamizi wake muhula mzima kuhusu tasnifu: sura ya pili imekataliwa, data zimerudiwa, mpaka wakazozana juu ya matumizi ya neno "dhamira". Yote hayo, hadi barua ya kumwambia akaichape, yako chini ya kichwa kimoja: "Re: Shikamoo mwalimu".