Ubuntu yako imezeeka? Ipandishe, usiihame



Kila msimu wa TFC ukikaribia, ninapata swali moja: «Kaka, Ubuntu 20.04 ya mashini yangu imezeeka, niweke distribushoni gani ingine?» Jibu langu: usihame. Kuhama ni kuanza upya programu zote na mipangilio yote, na mara nyingi diski inafutwa pamoja na kazi ya mwaka mzima. Kupandisha toleo kunaacha mafaili yako mahali yalipo.

«Imezeeka» maana yake nini? Ubuntu 20.04 ilitoka mwezi wa 4, 2020. Masahihisho yake ya kawaida ya usalama yaliisha mwezi wa 5, 2025. Mashini inawaka na kuandika vizuri, ndiyo maana hatuone hatari. Lakini tundu jipya likigunduliwa, halizibwe tena, na humo uko na neno la siri la barua pepe yako.

Ubuntu hairuke ngazi: kutoka 20.04 unapita 22.04, kisha 24.04. Fanya hivi:

1. Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha yafungue kwenye mashini ingine uhakikishe.
2. Andika df -h kwenye terminali uone nafasi. Mimi ninataka giga 10 ziwe wazi.
3. Maliza masahihisho ya toleo uliyo nayo: sudo apt update, kisha sudo apt full-upgrade. Zima, washa tena.
4. Andika sudo do-release-upgrade. Kabla ya kuanza, itakuonyesha ni mega ngapi itashusha. Mara nyingi zinapita giga 1. Linganisha na forfe yako. Hapo bado unaweza kukataa.

Umeme je? Fanya siku betri imejaa. Ukikatika katikati ya kazi, usikimbilie kufuta diski. Washa, andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Mara nyingi inaendelea pale ilipoachia.

Kama mashini iko na RAM ndogo, shida mara nyingi ni meza ya GNOME, ni nzito. Andika sudo apt install xfce4, kisha uichague wakati wa kuingia. Iko Ubuntu ile ile, ila nyepesi zaidi.

Na kama utetezi wako ni wiki kesho, usiguse kitu. Jiandikishe kwa Ubuntu Pro: ni bure kwa mtu binafsi, mpaka mashini 5, na inaongeza masahihisho ya usalama ya 20.04 mpaka 2030. Tetea kwanza, utapandisha kisha.