Ukipanda mti mjini, panda penye mtu

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee miti yetu hapa Dar.

Pale kituoni ninapopandia daladala kuna mwarobaini. Chini yake yupo fundi viatu, mama wa chai na vitumbua, vijana wa bodaboda, na wale jamaa wa kusoma vichwa vya magazeti bila kununua. Hatua chache mbele kuna kibanda cha bati walichojengewa abiria. Saa saba mchana, Februari, humo hakai mtu. Kwa nini?

Bati likipigwa na jua linapata moto, halafu joto hilo linawashushia mliokaa chini. Jani haliungui namna hiyo. Mti unavuta maji ardhini, majani yanayatoa kama mvuke kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Ni kazi ileile ya mtungi wa bibi: nje unatoka jasho, ndani maji yanapoa. Yaani mti ni mwavuli na mtungi kwa pamoja. Na mwarobaini, ambao asili yake ni bara Hindi, unavumilia ukame kweli kweli.

Ila mche si mti mkubwa. Mtaani kwetu ilishapandwa miche kibao, picha zikapigwa, wageni wakaondoka zao. Kiangazi kilipoingia yote ikakauka, ukabaki mmoja tu. Huo ulikuwa mbele ya genge la mama mmoja, kila siku anaumwagia maji aliyooshea mchicha. Hapo ndipo nikaelewa: mti wa mjini hauishi kwa mvua peke yake, unaishi kwa kuwa na mwenyewe.

Hata mikubwa tunaiua bila kujua. Tunamwaga zege mpaka kwenye shina, mizizi inakosa maji na hewa. Tunaukaza waya wa kamba ya nguo, mti ukinenepa waya unaukaba. Chini ya gome ndiko chakula kinakopita kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi. Ukilikata gome kuzunguka shina lote, mti umekwisha.

Mwenyewe anaweza kuwa mji mzima. Mwaka 2020 kule Nairobi, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way ulitakiwa kukatwa kupisha barabara mpya ya juu. Kwa Wagikuyu mugumo ni mti mtakatifu. Watu walipiga kelele, na Novemba mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru mti ulindwe.

Sisi wa kituoni hatuna amri ya rais. Tuna ndoo. Kwa hiyo masika yakija, mdau, usiupande mche wako popote tu. Utafute fundi viatu au mama wa genge, mwombe awe jirani yake.

Haya, tuonane kivulini.