Kompyuta Mpya na Wapangaji Usiowaalika (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia dukani. Tulipima kumbukumbu, tukaangalia aina ya diski, tukabonyeza herufi za kibodi moja moja kabla ya kulipa. Leo laptopu iko mezani nyumbani, nailoni imeshabanduliwa kwenye kioo, na mwenye mali anataka kuiwasha aanze kazi. Namwomba asubiri. Jioni ya kwanza ya kompyuta mpya ni ya ukaguzi.

Fikiria umenunua nyumba. Umelipa, umekabidhiwa funguo, unaingia na kukuta vyumba viwili vina wapangaji, na kodi yao anaipokea yule aliyekuuzia. Ndivyo zilivyo laptopu nyingi zinazouzwa zikiwa na Windows ndani. Utakuta programu ya kuzuia virusi ya majaribio, michezo ambayo hukuiomba, alama ya duka la mtandaoni, Office itakayokudai malipo baada ya mwezi, na vijidirisha vinavyokuhimiza ujiandikishe huku na kule. Mtengenezaji hakuviweka kwa ukarimu. Faida inayobaki kwenye laptopu ya bei ya kawaida ni nyembamba, na kampuni za programu humlipa ili bidhaa zao ziwe za kwanza kuonwa na mnunuzi. Diski ni yako, umeme ni wako, bando ni lako, lakini kodi inakwenda kwingine.

Mwaka 2008 kampuni ya Sony ililiweka jambo hili hadharani bila kukusudia. Ilitangaza kwamba mnunuzi wa baadhi ya laptopu zake za VAIO angeweza kupata mashine isiyo na programu hizo kwa kuongeza dola 49.99. Wateja wakahoji: iweje tulipie kuondolewa kitu ambacho hatukukiomba? Sony iliifuta tozo hiyo upesi. Hata hivyo, watu walikuwa wameshaona kwamba nafasi ndani ya kompyuta zao ina bei, na kwamba kuna anayeilipia.

Wengi wetu huichukulia kama kero tu: mashine inachelewa kuwaka, matangazo yanachomoza pembeni mwa kioo, basi. Nawaomba tukae kidogo kwenye kisa cha Lenovo, kwa sababu ndicho kinachoonyesha mpangaji wa aina hii anaweza kufika wapi.

Mwaka 2014 Lenovo iliuza laptopu za matumizi ya nyumbani zikiwa na programu iitwayo Superfish. Kazi yake ilikuwa kuchomeka matangazo ya biashara ndani ya kurasa ambazo mtumiaji alikuwa akizisoma. Tatizo lake lilikuwa kwamba tovuti nyingi husafirisha mawasiliano yake yakiwa yamefungwa kwa fumbo, na ile alama ya kufuli unayoiona juu ya kivinjari ndiyo ishara yake. Aliye njiani hawezi kusoma wala kuongeza neno. Ili kufuli hilo liaminike, kila tovuti huonyesha cheti kilichogongwa muhuri na mamlaka inayotambulika, na kompyuta yako inayo orodha ya mamlaka inazoziamini. Superfish ilijiandika yenyewe kwenye orodha hiyo. Kuanzia hapo, ulipofungua tovuti ya benki, Superfish ilisimama katikati, ikafungua mawasiliano, ikayasoma, kisha ikakugongea cheti kipya chenye muhuri wake. Kompyuta iliukubali muhuri ule, na kufuli likaendelea kuonekana pale juu kana kwamba hakuna lililotokea.

Hata hapo jambo halikuishia. Ufunguo wa siri wa muhuri ule ulikuwa mmoja kwa laptopu zote, na ulikuwa umehifadhiwa ndani ya kila laptopu. Februari 2015 mtaalamu wa usalama Robert Graham aliuchomoa na kuivunja nywila yake katika muda wa saa chache. Nywila yenyewe ilikuwa jina la kampuni iliyotengeneza kiini cha programu ile, Komodia. Maana yake ni kwamba mtu yeyote aliyekaa mgahawani na wewe, mkitumia Wi-Fi moja, angeweza kugonga vyeti vya uongo na kujifanya benki yako au barua pepe yako, na laptopu yako isishtuke. Tena, waliokimbilia kuing'oa programu waligundua kwamba muhuri ulibaki nyuma. Programu ilikuwa imetoka, ruhusa yake haikutoka. Ilibidi Microsoft iifundishe Defender, ulinzi wake wa ndani ya Windows, kuviondoa vyote viwili. Septemba 2017 Lenovo ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Marekani na majimbo 32 ya nchi hiyo: ilipe majimbo hayo dola milioni 3.5, na kwa miaka 20 iwe na mpango maalumu wa kusimamia usalama wa programu inazoziweka kabla ya kuuza. Tukitaka haki, hawakuwa peke yao. Novemba 2015 laptopu za Dell nazo zilikutwa na cheti cha namna hiyo hiyo, kilichokuwa kimewekwa ili kurahisisha huduma kwa wateja.

Sikisimulii kisa hiki ili mtu aogope kampuni fulani. Laptopu za kampuni zote mbili ni nzuri na nimezitumia miaka mingi. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba programu aliyoikuta ndani ya mashine haijahakikiwa na mtu kwa niaba yake. Aliyeiweka alikuwa na sababu zake. Mwenye wajibu wa kuuliza ni mwenye mashine.

Tuanze basi. Kwenye Windows 11, weka mshale juu ya alama ya Windows iliyo chini ya kioo, ubofye kwa kitufe cha kulia. Juu kabisa ya orodha itakayofunguka utaona mahali pa programu zilizosakinishwa. Zisome zote, moja baada ya nyingine, usiruke. Programu ya kuzuia virusi ya majaribio ndiyo ya kwanza kutazamwa, kwa sababu inapokuwepo, Defender hujiweka pembeni. Kama hukusudii kuilipia, usingoje muda wake uishe. Ing'oe leo, uiwashe mashine upya, na Defender itarudi kazini yenyewe. Kwa mtumiaji wa kawaida Defender inatosha, haina malipo, na inapata masasisho pamoja na Windows. Baada ya hapo ondoa michezo, maduka, na chochote kinachotaka namba ya kadi yako kabla hakijakufanyia kazi yoyote.

Usiondoe kila kitu kwa hasira. Nimeona vijana wanaofyeka orodha nzima, kesho yake kiguso cha kipanya hakitii vidole na sauti haitoki. Vitu vyenye majina kama Realtek, Intel au AMD ni watumishi wa vifaa vya ndani, viache. Iache pia programu moja ya mtengenezaji mwenyewe, kama Lenovo Vantage, MyASUS au HP Support Assistant, maana kupitia hiyo ndipo hupatikana masasisho ya programu ya ubao mama. Baadhi yake zina faida ambayo wengi hawaijui: zinakuwezesha kuzuia betri isichajiwe kupita karibu asilimia 80. Kwa laptopu inayoshinda ofisini ikiwa kwenye umeme, mpangilio huo huongeza umri wa betri kwa kiasi kikubwa.

Wapo wapangaji wengine ambao vitabu vya kompyuta vya Ulaya havina habari nao, nao ni wale wanaoingizwa na duka. Kwenye miji yetu mnunuzi akishalipa huambiwa, «Subiri kidogo tukuwekee na Office.» Anafurahi. Office ile mara nyingi imechakachuliwa, na ili ikubali kufanya kazi bila leseni, fundi huizima Defender kwanza, kisha huielekeza isikague kabisa folda fulani. Anamaliza, anakukabidhi laptopu, na ile folda inabaki nje ya ulinzi siku zote. Chochote kitakachotua humo hakitaonekana. Hili kwangu ni baya kuliko matangazo yote ya mtengenezaji, kwa sababu mtengenezaji angalau anaweza kushtakiwa. Fungua mipangilio ya Defender, tafuta orodha ya vitu vilivyosamehewa ukaguzi. Kwenye mashine mpya orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Kama kuandika barua, ripoti na hesabu ndiyo haja yako, LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua faili za Word na Excel. Chimbuko lake ni OpenOffice, ile ile ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice.

Ukikuta orodha ya msamaha si tupu, ushauri wangu ni kufuta yote na kusakinisha Windows upya. Inatisha kuisikia kuliko kuifanya. Pakua chombo cha kusakinishia kutoka tovuti ya Microsoft, kiweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, na uiwashe laptopu kupitia flashi hiyo. Leseni huipotezi: laptopu iliyotoka kiwandani na Windows huwa na ufunguo wake ndani ya ubao mama, na mfumo ukirudi unautambua wenyewe. Kitakachokugharimu ni intaneti, maana upakuaji unazidi GB 5, hivyo tafuta Wi-Fi ya ofisi au ya chuo. Na kama nyumbani unatumia bando la simu, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Mpangilio huo uko kwenye ukurasa wa Wi-Fi, na ukiuwasha, masasisho makubwa hayatakumalizia bando usiku mmoja.

La akaunti nimeliacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililowaliza watu niwajuao. Windows ya siku hizi hudai akaunti ya Microsoft wakati wa kuwashwa mara ya kwanza. Ukishaingia, kwenye mashine nyingi mpya huanza kuifunga diski kwa fumbo kimyakimya. Ni jambo jema sana: laptopu ikiibwa kwenye daladala, mwizi hawezi kuichomoa diski akasoma mambo yako. Ila ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, hutumwa kwenye akaunti iliyoiwasha mashine.

Mwanafunzi wangu mmoja alinunua laptopu, na kijana wa dukani akamwashia kwa barua pepe yake mwenyewe ili kuokoa muda. Miezi mingi ikapita salama. Siku moja programu ya ubao mama ikasasishwa, na mashine ilipowaka ikaonyesha kioo cha buluu ikidai tarakimu 48. Binti yule hakuwahi kusikia habari za tarakimu hizo. Alikwenda dukani, kijana alikuwa ameshaacha kazi, na hakuna aliyeijua barua pepe aliyoitumia. Tulijaribu njia zote. Hakuna fundi wa kulivunja fumbo lile. Limetengenezwa ili lisivunjike. Tulilazimika kuifuta diski, na sura tatu za tasnifu yake zikaenda nayo, maana nakala nyingine hakuwa nayo.

Kwa hiyo kataa kuwashiwa. Mwambie muuzaji kwa heshima kwamba utaimalizia nyumbani, kisha tumia barua pepe yako mwenyewe, iliyo na namba ya simu unayoimiliki. Windows itakapokuuliza kama iruhusiwe kutuma taarifa za mahali ulipo, za uandishi wako, na kukuchagulia matangazo, kataa yote usiyoyahitaji, hakuna kitakachoharibika. Pia tazama OneDrive. Hupenda kuchukua folda zako za nyaraka na picha na kuzipandisha kwenye wingu, na nafasi yake ya bure ni GB 5 tu. Ikijaa huanza kukudai ulipie. Amua mwenyewe folda zipi ziende.

Wiki ijayo tutazungumzia chelezo, yaani namna ya kuwa na nakala tatu za kazi yako bila kununua vifaa vya gharama. Kabla ya hapo ninawaomba wote wenye laptopu za Windows, mpya na kuukuu, wafanye jambo moja linalochukua dakika tano: ingieni kwenye akaunti zenu za Microsoft, mtafute ufunguo wa urejeshaji, mnakili tarakimu zote 48 kwenye karatasi, na karatasi hiyo iwekwe pamoja na vyeti vya shule. Ukiikuta akaunti iliyo kwenye laptopu yako si yako, nakili kwanza faili zako zote mahali pengine, leo hii, kabla hujagusa kitu kingine.