Mzee Aliyeanguka Asifungwe na Hofu

Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo ilivyo kwa mzee aliyewahi kuanguka. Jeraha hupona, lakini hofu hubaki moyoni. Huacha kwenda ibadani, huacha bustani yake ya mboga, na hata kwenda kuoga huwa ni mashaka.

Mwaka 1982 watafiti wawili, Murphy na Isaacs, walieleza habari za wazee 36 waliolazwa hospitali baada ya kuanguka. Wengi wao walishikashika kila kitu kilichokuwa karibu, wala hawakuthubutu kutembea bila msaada.

Hofu hiyo ina madhara yake. Mzee asiyetembea hupungukiwa na nguvu za miguu; miguu ikilegea, huwa rahisi kuanguka tena. Kwa hiyo jamaa wanaomwambia kila mara, "Keti Bibi, usijisumbue," humtakia mema, lakini bila kujua humzidishia udhaifu.

Jambo la kwanza ni matibabu. Aliyegonga kichwa, au asiyeweza kusimama kwa maumivu ya nyonga, apelekwe hospitali bila kukawia. Hata aliyeinuka salama afaa apimwe macho na shinikizo la damu, na dawa anazotumia ziangaliwe, kwani baadhi yake huleta kizunguzungu.

Pili, mzee asikemewe wala kuchekwa. Aulizwe anaogopa nini hasa. Huenda ikawa ni ngazi ya mlangoni, sakafu yenye maji, au giza la njia ya chooni. Mkeka uliokunjika uondolewe, taa iwekwe karibu na kitanda, na kandambili zilizolika zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika mguu.

Tatu, afundishwe namna ya kuinuka, maana wengi huogopa zaidi kulala chini peke yao. Asiyeumia ageuke ubavu, apige magoti na kuegemea mikono, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, kisha ajiinue polepole.

Mwisho, arudishiwe mwendo kidogo kidogo. Kiti kiegemezwe ukutani, naye asimame na kuketi mara tano asubuhi na jioni, mtu akiwa kando yake. Leo atembee hadi mlangoni. Akizoea, hadi kwa jirani. Mapitio ya majaribio mengi, yaliyotolewa mwaka 2019, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu asilimia 23.

Ikiwa wiki zapita naye bado hapati usingizi, au hataki kutoka nje, mganga aelezwe, kwani hofu nayo hutibika. Kazi ya jamaa ni kuwa kando yake anapopiga hatua, wala si kumzuia asitembee.