Thuluthi na Sehemu ya Tatu

Katika Kiswahili, neno sehemu likifuatwa na hesabu kwa kiungo cha -a huwa na maana mbili zisizopatana. Asemaye "sehemu ya tatu ya shamba" aweza kukusudia fungu moja katika mafungu matatu yaliyo sawa. Tena aweza kukusudia fungu lile lifuatalo la pili, hata ikiwa shamba limekatwa mafungu kumi yasiyolingana. Mtoto aliyepewa maembe 12 akaambiwa atoe sehemu ya tatu, kwa maana ya kwanza atatoa manne. Kwa maana ya pili hawezi kutoa kitu mpaka aambiwe maembe yamegawanywa vipi. Darasani kosa la namna hii hufutwa kwa chaki. Katika hati ya wasia huleta daawa.

Watu wa pwani waliepukana na mashaka haya kwa majina waliyoyapokea kutoka Kiarabu: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Yote hayatumiki sawasawa. Nusu na robo zimeenea hata bara. Humusi, subui na tusui ni nadra kusikiwa nje ya kamusi. Ushuri nao una ndugu yake, ushuru, aliyehamia forodhani. Faida kubwa ya majina haya ni kwamba kila moja ni jina kamili lihesabikalo, kama pishi au kibaba. Ndiyo maana husemwa thuluthi mbili na robo tatu, kama isemwavyo pishi mbili na vibaba vitatu. Ajuaye kuhesabu pishi hahitaji kanuni nyingine ili aelewe robo tatu ya maembe 12: robo moja ni 3, basi robo tatu ni 9.

Jina likiwa wazi, husalia swali: thuluthi ya nini? Hapa ndipo hesabu nyingi zipoteapo, na mirathi ya Kiislamu yaonyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha shule. Mtu amekufa, ameacha mke, mama na mwana mmoja wa kiume, pamoja na shamba la minazi 360 yenye thamani sawa. Gharama za maziko na madeni zimekwisha lipwa, na marehemu ameusia thuluthi kwa maskini, nayo ndiyo mpaka wa wasia. Thuluthi hiyo ni minazi 120, itolewayo kwanza. Sasa mali nzima ya kurithiwa ni minazi 240: mke hupata thumuni, yaani 30, mama sudusi, yaani 40, na mwana hupata iliyosalia, 170. Mgawaji asiyeangalia atatoa thumuni na sudusi katika ile 360 ya mwanzo. Atampa mke 45 na mama 60, na baada ya wasia mwana atabakiwa na 135. Amepunjwa minazi 35, wala hakuna mahali kugawanya kwenyewe kulikokosewa.

Mazoea nayo huficha kitu kizima. Asemaye "saa mbili kasorobo" hana haja ya kutaja kwamba robo hiyo ni ya saa. Lakini sarafu ya senti 50 iliitwa thumuni, au sumni, ilhali ni nusu ya shilingi. Mwanafunzi aliyeijua thumuni dukani kabla ya kuikuta ubaoni ana haki ya kushangaa.

Kupita kumi, Kiarabu chenyewe hakina jina moja la namna hii, na kusema "sehemu ya kumi na tatu" hurudisha mashaka yale yale ya kwanza. Lililo wazi ni kutanguliza kitu kizima, kisha kusema katika: katika minazi 260, sehemu moja katika sehemu kumi na tatu zilizo sawa, yaani minazi 20.