UBADILISHANAJI WA WANAFUNZI WA MUZIKI: MAANA YAKE, NA FUNZO LA BUJORA WILAYANI MAGU

Ubadilishanaji wa wanafunzi ni utaratibu ambao mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo kimoja huenda kusoma katika chuo cha nchi nyingine kwa muhula mmoja au zaidi, kisha hurejea kumalizia masomo yake, na yale aliyoyasoma ugenini yakahesabiwa nyumbani. Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo. Safari ambayo masomo yake hayahesabiwi hubaki kuwa matembezi, na utaratibu ambao upande mmoja tu ndio unaosafiri haustahili kuitwa ubadilishanaji. Maelezo yafuatayo yanatolewa ili watumishi, wazazi na vijana wanaopenda fani ya muziki waelewe namna utaratibu huo unavyofanya kazi na mahali ambapo bado una upungufu.

Kwa watu wa Visiwani, kusafiri kwa ajili ya elimu ya muziki si jambo geni. Katika enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, inasimuliwa kuwa Mohamed Ibrahim alipelekwa Cairo kujifunza muziki, akarejea na ujuzi uliokuwa chimbuko la taarabu ya Unguja. Kikundi cha Akhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Safari hizo zilizaa matunda kwa sababu msafiri alirudi, na alichokileta kikatiwa maneno na ladha ya hapa. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Bujora na wageni wake

Mfano unaoonyesha faida na upungufu wa jambo hili kwa pamoja uko mbali na bahari, katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, karibu na Ziwa Victoria. Huko Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, ndiko kiliko kituo cha Bujora chenye Makumbusho ya Wasukuma. Kituo hicho kilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na wenyeji. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi pamoja na vifaa vya vyama vya wachezaji.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinavyoshindana tangu karne ya 19. Katika sherehe za Bulabo, zinazofanyika kila mwaka mwezi wa Juni baada ya sikukuu ya Ekaristi, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika viwanja vilivyo karibu, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, jembe hurushwa na kudakwa kwa mapigo ya ngoma. Mafunzo ya fani hizi hutolewa na manju, ambaye hufundisha kwa sikio na kwa mfano, shambani na uwanjani, bila ya ubao wala daftari.

Wageni wameitambua hazina hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa makabila ya Tanganyika, wakiwemo Wasukuma, na kanda zake zimehifadhiwa Afrika Kusini. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Kimarekani, Frank Gunderson, alifanya utafiti Usukumani juu ya nyimbo za kazi. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wesleyan mwaka 1999, na mwaka 2010 kitabu chake kuhusu nyimbo hizo kilitolewa na kampuni ya Brill ya Uholanzi.

Kazi hizo zinastahili shukrani, kwani zimehifadhi nyimbo ambazo pengine zingesahaulika. Hata hivyo, inafaa ieleweke kwamba mgeni aliyejifunza kwa manju wa Usukumani alihesabiwa elimu hiyo katika chuo cha kwao, ilhali kijana wa Kisesa aliyejifunza kwa manju huyo huyo mara nyingi hana cheti chochote cha kumwezesha kugonga mlango wa chuo. Elimu ni moja na mwalimu ni mmoja. Tofauti iko katika kuhesabiwa.

Namna masomo yanavyohesabiwa

Uzito wa masomo ya chuo kikuu hupimwa kwa krediti. Kwa utaratibu wa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima wa masomo una krediti 120. Katika nchi nyingi za Ulaya mwaka una krediti 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Hivyo basi, mwanafunzi wa Tanzania anayerejea kutoka Ulaya na krediti 30 amekamilisha nusu mwaka, sawa na krediti 60 za hapa. Asiyejua hesabu hiyo huweza kumwambia amefanya robo tu, na kumrudisha darasani bila ya sababu.

Muziki una ugumu wake zaidi ya masomo mengine. Sehemu kubwa ya mafunzo ni ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, mtihani ni wa kupiga ala mbele ya wasikilizaji, na si kila muziki unaandikwa kwa nota. Kwa ajili hiyo, makubaliano ya vyuo viwili hayana budi kutaja mapema ala itakayofundishwa, saa za mazoezi, namna ya kutahini, na krediti zitakazotolewa.

Katika Afrika Mashariki msingi umekwishawekwa. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliunganisha Dar es Salaam, Nairobi na Makerere kuanzia 1963 hadi 1970. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, liliundwa mwaka 1980. Na mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi wanachama walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Muziki hufundishwa kwa ngazi ya shahada katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tumaini Makumira karibu na Arusha, Makerere nchini Uganda na Kenyatta nchini Kenya. Kwa upande wa fedha, somo lilitolewa hapa hapa: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, mwishoni mwa 2019 kilitangaza hatari ya kufungwa kwa kupungukiwa na misaada ya wafadhili. Ushirikiano unaotegemea mfuko wa mgeni peke yake hukatika siku mgeni anapofunga mfuko wake.

Yanayopaswa kuzingatiwa

Mwanafunzi anayekusudia kusoma muziki nje ahakikishe, kabla ya safari, kuwa yapo makubaliano ya maandishi baina ya vyuo viwili yanayotaja krediti atakazopewa. Anayekwenda kuchukua shahada nzima nje aulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa, na akirejea awasilishe cheti chake huko kitathminiwe. Watumishi wanaopokea watafiti wa muziki wanakumbushwa kudai kibali cha utafiti, na kuomba nakala ya kanda na maandishi ibaki mahali yalipochukuliwa. Aidha, vyuo vyenye masomo ya muziki vinashauriwa kuwatambua mamanju na mafundi wa ala kuwa walimu, na kuwapima vijana waliojifunza kwao kwa kusikiliza wanavyopiga.

Mambo hayo yakitekelezwa, kijana wa Unguja ataweza kwenda Kisesa kujifunza ngoma, na kijana wa Kisesa kuja Unguja kujifunza kanuni na udi, kila mmoja akirudi kwao na elimu iliyohesabiwa.