Mwenye Ngoma Ni Nani Lubumbashi?

Kilio cha Lubumbashi hakikosi muziki, na muziki haukosi ubishi. Mzee akifariki katika mitaa ya Katuba, Ruashi au Kenya, turubai hutandwa mbele ya nyumba, mara nyingine hadi katikati ya barabara. Viti vya plastiki hukodiwa, wanawake huwasha makaa ya kupikia bukari, wanaume hujipanga kukesha. Kabla giza halijakolea, jambo moja huwa limeshaugawa ukoo: nani atapiga usiku huo? Wakubwa wanataka kwaya ya parokia, na baada yake kikundi cha karindula. Wajukuu wameshaelewana na kijana wa mtaani mwenye spika kubwa kuliko kabati la nguo. “Ile haiko musiki, ni makelele,” bazee husema. “Byenu bilipita,” wajukuu hujibu, ila kwa sauti ya chini, maana pesa ya jeneza imetoka kwa bazee hao hao.

Ubishi wa mambo ya zamani na ya kisasa uko katika kila mji. Wa Lubumbashi una mkia wake. Ukiufuata hadi mwisho utakuta watu wameacha kuulizana wimbo upi ni mtamu, sasa wanaulizana nani ni mtu wa hapa.

Tuanze na karindula, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kama ngoma ya asili. Ni banjo la ajabu kwa ukubwa: pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, likatiwa shingo ya mti na nyuzi nne. Huandamana na banjo ndogo na ngoma. Wimbo mmoja waweza kwenda nusu saa, mwimbaji akisimulia, akiwataja waliohudhuria, akiwatania wafiwa, na wachezaji wakitoa jasho mbele yake. Mwaka 2011 kampuni ya Kibelgiji ya Crammed Discs ilitoa rekodi na filamu za vikundi vya karindula vya Lubumbashi, na wageni wa mbali wakaanza kuulizia muziki ambao familia nyingi za mjini zilikuwa zikiuona ni wa walevi wa lutuku. Ng'ambo ya mpaka Wazambia wana kalindula yao, iliyohamia zamani kwenye gitaa la umeme. Basi tuseme ukweli: pipa la mafuta halikuota msituni. Liliachwa na viwanda, likaokotwa na watu wasio na pesa ya gitaa, na ndugu zake wako Ndola na Kitwe.

Hata mji wenyewe ulikuja kwa treni. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na Élisabethville ikaanza. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono ya kuchimba na kuyeyusha shaba, ikaitafuta Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, baadaye Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Kiswahili kikawa lugha ya kambi kwa sababu hakikuwa cha mama wa mtu yeyote pale. Burudani nazo zikapita njia hizo hizo. Mbeni, ngoma yenye sare, vyeo vya kijeshi na gwaride, ilitoka pwani ya Afrika Mashariki, ikasafiri na askari na vibarua hadi Katanga, na kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeshaota mizizi kambini. Wakoloni na wamisionari waliitilia shaka. Watu wanaojipanga kwa safu na kumchagua mfalme wao wa ngoma, walifikiri, kesho watajipanga kwa jambo jingine. Malinga, ya kucheza mwanamume na mwanamke wawili wawili, iliingia kutoka magharibi na kuitwa uhuni. Hivyo mengi ambayo mzee wa mtaa wa Kamalondo anayaita leo ya mababu, babu yake mwenyewe aliyaita upuuzi wa watoto wa kambini.

Jean-Bosco Mwenda ndiye mtakatifu wa wapenzi wa rétro, na kwa haki. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimnasa huko Jadotville, yaani Likasi ya leo. Wimbo wa Masanga ukatoka hapo. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinacheza juu, na anayesikiliza bila kuona huapa kwamba wapigaji ni wawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikuwa Nairobi, na kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kilijifunza kwa kumsikiliza redioni. Edouard Masengo, ndugu yake, aliyetoka katika kundi la Jecoke, vijana wachekeshaji wa mtaa wa Kenya hapa hapa Lubumbashi, naye alifika Nairobi na kukaa. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990.

Lakini wafuasi wake husahau, au hupenda kusahau, kwamba huyu mtu wa gitaa kavu aliongoza pia bendi ya umeme, Super Shaba. Hakuona dhambi. Aliyekuwa mbele ya wenzake kwa kuonja kila kitu kilichopita njiani amegeuzwa mlinzi wa lango, na vijana wanapigwa na jina lake kila wanapofungua kompyuta kutengeneza mdundo.

Neno asili lina kidonda kingine. Mwaka 1972 Mobutu aliwaamuru raia waache majina ya Kikristo, na Jean-Bosco akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Katanga nayo ikawa Shaba. Mashuleni na makazini, kampuni ya migodi ya Gécamines ikiwamo, kukawa na vikundi vya kucheza ngoma na kuimba sifa za chama na kiongozi. Mtu aliyelazimika kutikisa mabega juani kumkaribisha mkubwa wa serikali ana sababu zake za kupenda spika ya mjukuu wake. Wazee wa aina hii wapo, na katika ubishi wa kilioni hukaa kimya au huhamia upande wa vijana, jambo linalowaudhi sana wenzao.

Na sasa twende kwa Tshala Muana, kwa sababu hapo ndipo washabiki huvua koti. Alizaliwa mwaka 1958 Élisabethville, akaimba Kiluba cha Kasai, akaipeleka mutuashi, ngoma ya kiuno ya Wakasai, kwenye majukwaa ya Abidjan, Paris na kwingineko. Alifariki Kinshasa Desemba 2022. Je, ni mwanamuziki wa Lubumbashi? Wapo wanaokataa katakata: ngoma ni ya Kasai, lugha ni ya Kasai, basi mwimbaji ni wa Kasai, hata kama kitovu chake kimezikwa hapa. Zamani mutuashi ililaumiwa kwa kukosa adabu. Nenda leo kwenye harusi yoyote ya Kampemba uone ni akina mama gani watakaotangulia ukumbini mutuashi ikipigwa: ni wale wale wanaolalamika kwamba binti zao wanacheza amapiano vibaya.

Swali hilo si la mchezo. Mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 huko Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao, wengi wakiwa wamezaliwa Katanga na wazazi waliozaliwa Katanga. Walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengi walifia hapo au njiani. Reli iliyowaleta babu zao kuchimba shaba ndiyo iliyowaondoa. Kwa hiyo kijana wa leo anapomwambia mwenzake kwamba wimbo fulani si wa hapa, mtu mwenye miaka hamsini anasikia zaidi ya wimbo. Mimi ningependa neno hilo litumike kwa uangalifu, hata katika utani wa meza yenye chupa za bia ya Simba.

Ajabu ni kwamba uwanjani hatuna shida hiyo. TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, zote za mwaka 1939, zinagawa nyumba, vitanda na hata kwaya za kanisa. Mazembe ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, washambuliaji wake walikuwamo Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, Watanzania. Kiungo Rainford Kalaba alikuwa Mzambia. Kamalondo nzima ilimwita Samatta mtoto wetu. Hakuna aliyemuuliza babu yake alizikwa wapi. Mfungaji ni wa hapa tangu bao la kwanza, mwimbaji anahojiwa hadi kizazi cha tatu.

Kwenye maigizo ubishi una sura nyingine. Odilon Kyembe Kaswili, anayejulikana kwa jina la Mufwankolo, na kundi lake walichekesha mji huu kwa miongo, redioni, kwenye televisheni na jukwaani, kwa Kiswahili cha Lubumbashi kama kinavyosemwa sokoni. Hawakuandika maneno ya mchezo. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akasema yanayomjia. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, alifuatana nao mwaka 1986 walipokuwa wakitunga mchezo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na kitabu chake cha 1990 kinaonyesha hatua kwa hatua walivyofanya. Sasa tazama vijana wanaojirekodi kwa simu huko Bel-Air: mjomba anayedai mahari mara mbili, mchimbaji aliyepata pesa ya ghafla na kusahau mke, mama mkwe asiyeondoka. Hawana maandishi. Wanakubaliana kisa, wanagawana nafasi. Mzee anayesema hii ni takataka amekasirishwa na simu, maana mchezo wenyewe ni ule ule aliokuwa akiuangalia sebuleni kwa jirani mwenye televisheni.

Hata hivyo bazee wana hoja moja ambayo sijasikia kijana akiijibu. Nyimbo zao zilikuwa na mtu ndani yake: aliyefukuzwa kazi, aliyeoa vibaya, aliyerudi kijijini mikono mitupu. Mwimbaji wa karindula anajua jina la marehemu na deni lake. Wimbo wa dakika tatu ulioletwa kwa simu kutoka Johannesburg, Lagos au Dar es Salaam hauwezi kumjua marehemu wa Katuba. Diamond Platnumz na Fally Ipupa wanajaza ukumbi, na Inama yao ya mwaka 2019 ilipigwa hapa mpaka tukachoka, ila kilioni hawana cha kuwaambia wafiwa. Wapo vijana walioligundua hilo. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, aliuchukua wimbo wa Indépendance Cha Cha wa mwaka 1960 akaugeuza kuwa Siku ya baadaye, yaani akauliza nini kilifuata baada ya sherehe ya uhuru. Mpigie mzee wimbo huo, atatambua gitaa na kutabasamu, kisha maneno yatamfikia naye ataacha kutabasamu.

Desturi imeshapata suluhu yake kwenye harusi, na ni suluhu ya saa. Mapema jioni ni zamu ya wazazi: rumba ya zamani, mashemeji na mawifi wakicheza polepole, noti zikibandikwa kwenye paji la uso la bibi harusi. Zawadi zikishatolewa na hotuba kwisha, bazee hupewa chakula na chupa zao mahali pa heshima, na taa hubadilika. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kulalamika. Kilio hakijapata ratiba ya namna hiyo, kwa sababu kilioni hakuna anayetaka kuonekana amewahi kuondoka.

Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na Kinshasa na Brazzaville zikasherehekea. Huku kwetu walionuna waliuliza gitaa la Bosco liko wapi katika urithi huo. Swali zuri, ila tujiulize sisi wenyewe kwanza. Kanda alizorekodi Tracey zimehifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mjukuu anayeambiwa muziki wa babu ni bora hana pa kuusikia mjini kwake, isipokuwa abahatishe kwenye intaneti. Atakubalije asichokisikia? Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa mradi wake wa kumbukumbu za mji, kimekusanya simulizi nyingi za wafanyakazi na familia zao, na makumbusho ya taifa yako hapo katikati ya mji. Mwenye kaseti za Mufwankolo, sahani za Masengo, picha za mbeni au jina la mpigaji aliyesahauliwa, azipeleke huko mwaka huu, na aende na mjukuu wake ambebee boksi.